Kutumika, kufua, kubumba: historia ya maneno ya kazi za mikono hapa Lubumbashi

KAMPEMBA (LUBUMBASHI) – Familia ikifika mara ya kwanza katika komine ya Kampemba, iwe Bel-Air, Bongonga, Kigoma ama kartiye Industriel, swali la kwanza la jirani mara nyingi ni hili: «Unatumika wapi?» Mama aliyekimbia vita kutoka Pweto ama Mitwaba, anayesuka mikeka tangu utoto wake, anajibu: «Mimi situmiki.» Na wakati anajibu hivyo, mkeka uko mikononi mwake.

Jibu hilo lina historia, na historia yenyewe iko ndani ya neno.

Kutumika linatoka kwa kutuma. Anayetumika, kwa asili ya neno, ni yule aliyetumwa na mwingine. Kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki, kitu kinatumika, ama mtu anatumika kwa bwana wake. Hapa Lubumbashi neno hilo likawa jina la kazi ya mshahara. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910 mji ukazaliwa kwa jina la Élisabethville, reli ikafika kutoka kusini, na shirika la Bourse du Travail du Katanga likaanza kuandikisha wanaume kutoka vijiji vya mbali. Mwaka wa 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa kiwandani. Karibu na mwaka wa 1928, kompani ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao: nyumba, posho, shule, hospitali. Tangu hapo, katika masikio ya watu, kazi ni ile yenye namba ya kompani na siku ya mshahara. Kile mama alichotengeneza nyumbani kwa mikono yake hakikuitwa kazi tena.

Lakini mbele ya kompani, inchi hii ilikuwa na maneno yake.

La kwanza ni kufua, maana yake kupiga kitu mpaka kipate umbo ama kiwe safi. Katika Kiswahili cha pwani, mhunzi anafua chuma na mama anafua nguo. Hapa kwetu watu wanasema kufula nguo. Na katika Kiluba na Kibemba, kufula ni kazi ya mhunzi. Ni neno moja lililogawanyika njiani. Anayepiga nguo kwenye jiwe la mto na anayepiga chuma kwenye moto wanasimama chini ya jina moja, hakuna mkubwa wala mdogo.

Na kazi hiyo ni ya zamani sana. Naviundu, karibu na mji huu huu, wachunguzi wa mambo ya kale walikuta mabaki ya kuyeyusha shaba yanayofika karne ya 4. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi ya wazee yalikuwa na misalaba ya mukuba, yaani shaba. Miaka ilivyopita, misalaba hiyo ikawa midogo na ya kipimo kimoja. Ndiyo sababu wataalamu wanasema ilikuwa makuta ya wakati ule. Watu walivuna mtama kwanza, kisha wakati wa jua wakaenda kuchimba malakiti, wakachoma makala, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapuliza moto kwa mvukuto. Waliitwa walaji wa mukuba, na katika mwaka wa 1926 de Hemptinne, aliyekuwa askofu baadaye, alitoa andiko lenye jina hilo kwa Kifaransa. Mfalme Msiri wa Bunkeya alijenga nguvu yake pia juu ya biashara ya shaba hiyo, mpaka alipouawa mwezi wa 12 mwaka wa 1891. Kompani ilipochukua migodi, tanuru za wazee zikazimika. Ila misalaba mitatu ya shaba ilirudi mwaka wa 1960, kwenye bendera ya Katanga. Na kutoka 1971 mpaka 1997, jimbo lote liliitwa Shaba.

Neno la pili ni kubumba. Katika Kiluba na Kibemba, kubumba ni kufinyanga udongo uwe chungu ama mtungi. Kiswahili kilipoteza herufi b na kubaki na kuumba, na leo watu wengi wanalisikia neno hilo kanisani tu, Mungu Muumba. Wabemba hawakutenganisha: Mungu kwao anaitwa pia Kabumba. Basi mama anayebumba vyungu anabeba neno ambalo wazee walimpa Mungu mwenyewe.

La tatu ni fundi. Lina undugu na kufunda, kufundisha na kujifunza. Fundi si mtu mwenye chombo tu; ni mtu aliyefundwa na mwenziwe, na anayeweza kumfunda kijana. Ndiyo sababu fundi wa nguo ama wa mbao akikimbia vita bila sindano wala randa, bado ni fundi. Vyombo vinabaki kijijini, ufundi unafika naye mjini.

Mji wenyewe ulijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, mrithi wa Union Minière, waliondolewa kazini kwa mpango uliosemwa kuwa wa hiari. Nyumba nyingi zilizoishi kwa neno kutumika zikarudi kwa maneno ya mikono: kushona, kusuka, kuchonga malakiti, kupiga picha za shaba kwa nyundo, kukata manjanja ya zamani na kuyafanya mbabula. Kwa kazi hiyo ya mwisho Kiswahili kina neno zuri, kutengeneza: ni kufanya kipya na pia kuponya kilichoharibika. Wengine walienda kuchimba. Sheria ya migodi ya mwaka wa 2002 inaita uchimbaji huo kwa Kifaransa kazi ya «artisan», jina lile lile la fundi. Kiswahili hakichanganyi: anayechimba anapata jiwe, na jiwe linaondoka kwa lori, anayefua anapata jembe, na jembe linabaki.

Kwa hiyo jibu la «situmiki» lina bei yake. Kwenye karatasi ya kuandikisha familia, penye nafasi ya kazi, linakuwa «hana kazi», na hakuna atakayejua kwamba mama huyo angeweza kufundisha wasichana kumi wa kartiye. Pale anapoulizwa, ajibu kwa neno linalosema kweli: nasuka, nabumba, nafua, nashona. Wazee walikuwa na maneno hayo mbele ya mtu yeyote kuwatuma.