Kahawa ya Kilimanjaro ilipita mikononi mwa watoto

Historia ya kahawa ya Kilimanjaro imeandikwa mara nyingi, na wahusika wake ni walewale: wamisionari, mamangi (watawala wa Kichagga), maofisa wa kikoloni, viongozi wa ushirika. Watoto hawamo. Sisi tuliokulia kwenye vihamba tunajua kwamba zao hilo lilipita kwanza mikononi mwa watoto ndipo likafika kwenye mizani.

Mibuni ya mwanzo mlimani ilipandwa na mapadre wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, mkuu wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza Wachagga nao wapande. Walowezi walipinga. Walidai mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa, na walijua pia kwamba mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo. Mwaka 1925 wakulima waliunda Kilimanjaro Native Planters Association, chini ya Joseph Merinyo, ili kulinda haki yao. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake lilikuja kujulikana katika kila nyumba ya mlimani. Si kwamba wote walikipenda: mwaka 1937 zilizuka ghasia, kwa kuwa wakulima walilazimishwa kukiuzia kahawa yao yote.

Kihambani historia hiyo ilikuwa na sura nyingine. Kihamba ni ardhi ya ukoo ambayo baba humgawia mwanawe, na mipaka yake huoteshwa masale. Nyumba iko katikati. Migomba inaipa mibuni kivuli, chini kuna maharage na magimbi, na ng'ombe anafugwa ndani. Ng'ombe huyo hali asipoletewa majani, na walioyaleta majani walikuwa watoto. Tukitoka shule tulishika mundu, tukakata, tukafunga mzigo, tukabeba kichwani. Asubuhi tulizoa samadi na kuipeleka kwenye mashina ya migomba na mibuni. Ndiyo maana ardhi ile ndogo ililisha vizazi vingi bila kuchoka.

Kahawa ilikuwa mali ya baba. Ndizi na maziwa vilikuwa mikononi mwa mama. Mtoto alifanya kazi za wote wawili.

Msimu wa kuchuma, kuanzia Julai hadi karibu na mwisho wa mwaka, nyumba nzima iligeuka kiwanda. Inachumwa iliyoiva tu, nyekundu, punje moja moja, na vidole vidogo vya mtoto vinafaa sana kwa kazi hiyo. Kahawa iliyochumwa haisubiri kesho. Jioni ileile ilimenywa kwa mashine ya mkono: mmoja anazungusha mpini, mwingine anamimina kahawa na maji, wa tatu anaondoa maganda. Kisha iliachwa ichachuke mpaka utelezi uachie, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye vichanja vya wavu. Hapo ndipo ilipoanza kazi niliyoiona ngumu kuliko zote, ya kulinda vichanja. Kahawa ikinyeshewa inaharibika, na mlimani ukungu na manyunyu havipigi hodi. Mtoto aliyeachwa nyumbani alicheza huku macho yakiwa angani. Ilipokauka tuliketi na bibi kuichambua, tukitoa punje zilizovunjika na zenye madoa, kwa kuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika alikuwa na haki ya kuikataa.

Maji ya kuoshea kahawa yalitoka kwenye mfongo, yaani mfereji. Mifongo ilichimbwa na koo za Wachagga zamani za kale, na Wazungu waliofika katika karne ya 19 waliistaajabia. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji, na mtoto alitumwa akahakikishe hakuna aliyeyageuza. Tulijifunza haki na ugomvi wa majirani pale mferejini, mapema sana.

Sitaipamba kazi hiyo. Wapo waliokosa masomo kwa sababu ya kuchuma. Wapo waliosaidia kuchanganya dawa ya mrututu ya kupulizia mibuni bila kinga yoyote mikononi wala usoni. Hakuna aliyelipwa. Lakini fedha ya kahawa ndiyo iliyonunua sare na kulipa ada, na Kilimanjaro ikawa miongoni mwa sehemu za nchi zilizotangulia kwa shule. Kahawa ilitusomesha, na kusoma kukatuondoa kihambani. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya zao hili, kubwa kuliko sheria yoyote ya ushirika.

Mengine yalifuata. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na KNCU ilirudi miaka ya 1980. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ulivunjika, bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Mibuni ilizeeka huku magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani yakiisumbua, na wengi wakaona afadhali nyanya na mahindi. Kituo cha utafiti cha Lyamungu kimetoa aina zinazostahimili magonjwa hayo. Tatizo ni mikono. Vijana wako Dar es Salaam na Arusha, na katika vihamba vingi wamebaki wazee.

Waliochuma kahawa wakiwa watoto kabla ya uhuru sasa wamevuka miaka 70, na kumbukumbu zao hazimo katika vitabu vya ushirika. Ninyi mliohamia mijini, Desemba mkipanda mlimani kwa Krismasi, kaeni nao. Waulizeni nani alizungusha mashine, mfongo wenu ulichimbwa na ukoo gani, fedha ya mwaka gani ilimpeleka nani shule. Rekodini kwa simu, andikeni majina, na nakala moja pelekeni katika shule ya kijiji.