Gramu 5 zinazoweza kukausha bomba Newala

Kwenye uwanda wa Makonde watu wako juu, maji yako chini. Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi maji yalivyochotwa mbali, mabondeni. Miaka ya 1950 ukaja mradi wa maji wa Makonde: pampu zikaanza kuyapandisha mlima. Leo chanzo kimojawapo kikubwa ni Mitema, bonde la Kitangari.

Ndani ya pampu kuna gurudumu lenye mapanga, ndugu yake propela ya boti ya mfano. Adui yao ni mmoja: upande mmoja kuwa mzito. Hebu tupige hesabu. Gramu 5 zimezidi, sentimita 10 kutoka katikati. Kwa mizunguko 2,900 kwa dakika, zinauvuta mhimili kama mzigo wa karibu kilo 4.7, na mvuto huo unazunguka mara 48 kila sekunde! Beringi zinachoka, maji yanavuja, mwisho pampu inasimama.

Dawa ya zamani ni rahisi. Fundi analaza mhimili juu ya kingo mbili zilizo sawa. Upande mzito unashuka wenyewe. Anausaga kidogo, anarudia, mpaka gurudumu litulie popote linapoachwa. Mashine za kupima mtikisiko kitu kikiwa kinazunguka zilikuja baadaye. Ya Franz Lawaczeck, Ujerumani, ni ya 1907.

Kwa hiyo tukisimulia historia ya maji ya Makonde, tusiishie kwenye mabomba na fedha. Fundi mwenye tupa naye yumo. Asipoziondoa zile gramu 5, ndoo inarudi kichwani.