Kilichojengwa na Wengi: Mnarani na Mji wa Kilifi

Magofu ya Mnarani yako juu ya jabali, upande wa kusini wa hori la Kilifi, yakitazamana na mji. Msikiti wake mkuu ulijengwa karne ya 15 mahali palipokuwa na msikiti wa zamani zaidi. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kazi ya kuchimbua magofu ya Gede mwaka 1948 na kuvuka huku katika miaka ya 1950, alikuta jengo limekalia jengo. Kinachowavuta wataalamu mpaka leo ni kibla: matumbawe yaliyonakshiwa maandishi ya Kiarabu kwa wingi ambao ni nadra kuuona kwenye magofu mengine ya pwani. Jiwe la namna hiyo huchongwa likiwa bado bichi, laini, limetoka baharini juzi. Likishakauka halimsikilizi tena fundi.

Mji kama Mnarani haukuwa na idara ya ujenzi. Mwenye uwezo alitoa mali, fundi akachonga, wanamtaa wakachota maji na kufagia. Na ili msikiti usianguke siku tajiri anapozikwa, watu wa pwani walikuwa na wakfu: minazi, shamba au nyumba ambayo mapato yake hununua mafuta ya taa na mikeka, na kumlipa anayesafisha kisima. Utaratibu huo ulikuwa na nguvu kiasi kwamba utawala wa Waingereza, ulipoingia, haukuufuta. Mwaka 1900 ulitunga sheria ya kuusimamia, na Tume ya Wakfu ingalipo. Mimi nauona wakfu kuwa ndio ubia wa kwanza wa mji katika pwani hii, na uliushinda ubia mwingi wa baadaye kwa jambo moja: fungu la matunzo lilitengwa siku ileile ya kutoa.

Mnarani wenyewe haukudumu. Wasegeju waliipiga Kilifi mwishoni mwa karne ya 16, na mwanzoni mwa karne ya 17 mashambulizi ya Waoromo, wakati ule wakiitwa Wagala, yaliwafanya wakazi wauhame. Mibuyu ikabaki na makaburi. Mji tunaouita Kilifi leo ulikulia ng'ambo ya pili, nao kwa miaka mingi uliishi kwa kivuko.

Huko Mombasa, daraja la kuelea la Nyali lilijengwa 1931 na kampuni ya binafsi, na aliyevuka alilipa. Kilifi iliendelea na feri. Anayetoka Mombasa kwenda Malindi alisimama Mnarani, akangoja zamu, na katika kungoja huko akala, akanunua, akapiga soga. Daraja la sasa, lililojengwa kwa fedha na uhandisi wa Japani, lilifunguliwa 1991. Faida yake haihitaji hoja: mgonjwa hafii tena kwenye foleni ya feri. Lakini riziki ya upande wa Mnarani ilikuwa imejengwa juu ya kungoja kule, na basi likishapita juu kwa dakika moja halina haja na muuza korosho aliye chini gatini.

Korosho nazo zina kisa chao. Katikati ya miaka ya 1970 Kilifi ilipata kiwanda cha kubangua korosho, serikali ikiwa mbia pamoja na chama cha ushirika cha wakulima wa wilaya. Kwenye karatasi, hapo palikuwa na kila mtu: dola, biashara na mkulima wa Kigiriama au Kichonyi mwenye mikorosho yake mitatu nyuma ya nyumba. Ila mkulima alikuwa mbia wa jina tu. Miaka ya 1990 kiwanda kikabinafsishwa, kisha kikafungwa, na mwenye mikorosho akarudi kuuza kwa mchuuzi anayepita na mizani yake mwenyewe.

Hospitali ya Kilifi ndiyo iliyonifunza zaidi kuhusu ubia, na hapo nitakaa kidogo. Mwaka 1989 Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ilianza kazi humo pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la hisani la Wellcome Trust la Uingereza. Malaria ndiyo iliyokuwa ikijaza wodi ya watoto. Katikati ya miaka ya 1990 walijaribu jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: vyandarua vilivyotiwa dawa. Matokeo yalichapishwa 1996. Vifo vya watoto wadogo katika maeneo yaliyopewa vyandarua vilipungua kwa karibu theluthi moja, na waliolazwa kwa malaria kali walipungua zaidi ya hapo.

Sasa tazama kilichofuata. Chandarua cha wakati ule hakikuwa na dawa ya kudumu. Kila baada ya miezi kadhaa kilihitaji kuchovywa tena: beseni, maji yaliyopimwa, dawa, kisha kukitandaza kivulini kikauke. Wahudumu walipopita nyumba kwa nyumba wakifanya kazi hiyo bure, karibu kila chandarua kilichovywa. Akina mama walipoambiwa wavilete wenyewe mahali pa pamoja, idadi ikashuka. Walipoambiwa walipe, ikaporomoka hata ikabaki wachache tu. Chandarua ni kilekile na mbu ni yuleyule. Kilichobadilika ni nani anabeba matunzo. Waliosema kwamba wanakijiji hawathamini kitu cha bure walipaswa kuja kusoma hesabu za Kilifi. Mwaka 2006 serikali, kwa fedha za wafadhili, iligawa vyandarua bure kwa watoto nchini, safari hii vya dawa inayodumu.

Watafiti wenyewe walijifunza kwamba daktari na mfadhili hawatoshi. Leo wanakutana na wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wenyeji, watu wa kujitolea wanaopeleka maswali ya kijiji kwa watafiti: kwa nini mnachukua damu, nani anamiliki majibu, mtoto wangu akiugua itakuwaje. Kilifi ilikuwa pia mojawapo ya vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, kazi iliyoiunganisha kampuni ya dawa ya GSK, shirika la PATH na taasisi za umma. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Wazazi waliopeleka watoto wao kwenye majaribio hayo hawatajwi sana, nami nadhani nao walikuwa wabia.

Gede, karibu na Watamu, pana mfano mdogo wenye afya zaidi. Mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo: wakazi wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo, na mabundo yao, yaani pupa, yanauzwa ng'ambo kwa maonyesho. Makumbusho ya Taifa ndiyo mwenyeji na wapenda mazingira walitoa msukumo, lakini mfugaji hulipwa kwa alichofuga. Hapo kabla, wengi wa majirani wa msitu walitaka ukatwe wapate mashamba. Msitu ukisimama, sasa kuna anayekula kwa kusimama kwake. Nayo magofu ya Gede yaliingia Julai 2024 kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mnarani haumo kwenye orodha hiyo. Uko chini ya Makumbusho ya Taifa, na mji unaoutazama una bodi ya manispaa. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inataka bodi za namna hiyo ziwe na watu waliopendekezwa na vyama vya wataalamu, sekta ya biashara, jua kali na vyama vya mitaa. Wajumbe hawalipwi mshahara, hupata posho tu. Sheria hiyohiyo inawapa wakazi jukwaa la kujadili huduma, makadirio ya bajeti na mipango ya maendeleo. Mkazi wa Mnarani anayekwenda huko akiwa na nakala ya bajeti mkononi anaweza kuanza na safu moja: fedha za kutengeneza kilichokwisha kujengwa mwaka jana, na jina la ofisi iliyokabidhiwa.