Walioafiki Ni Akina Nani? Historia Fupi ya Kumfuatilia Mbunge

Mtanzania anayeishi Reading au Leicester akitaka kujua mbunge wa mtaa wake wa hapa Uingereza alipiga kura gani kuhusu sheria za uhamiaji, hahitaji kumjua mtu wala kuandika barua. Anaingiza msimbo wa posta wa nyumba yake kwenye simu, jina la mbunge linatokea, na chini yake kura zake: hii alisema ndiyo, hii alisema hapana, hii hakuwepo. Mtanzania huyohuyo akitaka kujua mbunge wa kwao, Kyela au Muheza au Tandahimba, alikuwa upande gani muswada fulani ulipopitishwa Dodoma, mara nyingi hatapata jibu. Si kwamba jibu limefichwa kabatini. Halikuandikwa.

Katika toleo la sikukuu ya Uhuru tumezoea kukumbushana bendera iliyopandishwa usiku ule wa Desemba 1961 na mwenge uliofikishwa kilele cha Kilimanjaro. Ni vizuri, na watoto wetu waliozaliwa huku wanapaswa kuyajua hayo. Lakini Uhuru ulitukabidhi pia kitu kisichopendeza kwenye picha, nacho ni mtu wa kutusemea katika chumba ambacho sisi hatumo. Tangu siku hiyo tumekuwa na swali la namna ya kujua anasema nini humo na anaamua nini.

Tuanze hapa tulipo, maana wenyeji wetu nao hawakuzaliwa na haki hiyo. Kwa muda mrefu Bunge la Uingereza lilihesabu kuwa ni kosa kuchapisha maneno ya wabunge. Mwaka 1771 wachapaji wa magazeti ya London waliandamwa kwa kosa hilo. Meya wa London, Brass Crosby, aliyekataa kuwatia mikononi mwa Bunge, alifungwa katika Mnara wa London. Watu wakajaa barabarani kumtetea, na baada ya hapo Bunge likachoka kuwafukuza wachapaji. Mwaka 1812 mchapaji aitwaye Thomas Curson Hansard alishika biashara ya kuchapisha mijadala ya Bunge, na jina lake ndilo lililosafiri na makoloni hadi kwetu. Hata hivyo maneno yalitangulia, kura zikafuata nyuma: orodha rasmi za majina ya waliopiga kura zilianza kuchapishwa mwaka 1836 tu.

Utaratibu wenyewe una sehemu mbili. Kwanza Spika huwauliza wabunge, nao hujibu kwa sauti. Sauti zikibishaniwa, wabunge hunyanyuka na kupita katika kumbi mbili, wenye ndiyo huku na wenye hapana kule, na majina yao huandikwa wanapopita. Bunge letu lilichukua Hansard, likachukua joho na siwa, likachukua na sehemu ya kwanza ya kupiga kura. Hiyo ya pili ya majina tuliipokea kwa mkono wa kushoto.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja ndani yake. Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Mwaka 1957 Gavana Twining alimteua Julius Nyerere, naye hakumaliza hata mwaka. Alijiuzulu Desemba ileile, akiona kwamba kukaa pale huku hoja zake zikikataliwa ni kuwahadaa waliomtegemea. Naona hilo ni tendo la kwanza katika historia yetu la mjumbe kuwapa watu hesabu ya kazi yake: nilikwenda, nilisema, hawakusikia, nimetoka.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1965, wa jembe na nyumba. Chama kilikuwa kimoja, lakini katika majimbo mengi TANU iliweka wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba, wakazungushwa pamoja katika mikutano ileile. Wananchi wakawaangusha wabunge wengi waliokuwa madarakani, akiwamo Paul Bomani, Waziri wa Fedha. Mpiga kura wa wakati ule hakuwa na Hansard kitandani. Alimpima mbunge kwa macho. Je, anaonekana jimboni? Alikuja msibani? Kisima alichoahidi kimechimbwa? Nasikia vijana wakidharau kipimo hicho, lakini kilimwangusha waziri, jambo ambalo vipimo vingi vya kisasa havijaliweza. Upungufu wake ni kwamba kilipima alichofanya mbunge jimboni tu. Alichofanya ndani ya Ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, wakati sheria zinapitishwa, kilibaki humohumo.

Humo ukumbini alikuwamo mwingine aliyekuwa akifuatilia. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa waliokuwa wakipingana na msimamo wa chama. Mmoja wao alikuwa Joseph Kasella-Bantu, ambaye mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU yenyewe. Uanachama ukiisha, ubunge nao umekwisha. Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992, lakini ibara ya 71 ya Katiba inasema hadi leo kwamba mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kinamtoka. Kwa hiyo tusidhani kwamba kura za wabunge wetu hazijawahi kufuatiliwa. Zimefuatiliwa kwa makini sana, ila si na sisi.

Ukiisoma Hansard ya Dodoma utaona ninachosema. Ni ya Kiswahili, na ni tamu kuisoma. Utakuta mbunge anamshukuru Mungu, anamshukuru Spika, anawashukuru wapiga kura wake na familia, dakika zake zinakwisha, kengele inalia, na anaunga mkono hoja. Kila neno limo, mpaka makofi na kicheko kwenye mabano. Kisha Spika anauliza wanaoafiki na wasioafiki, na Hansard inaandika kwamba hoja ilitolewa iamuliwe, ikaamuliwa na kuafikiwa. Hapo majina yote yanayeyuka. Yule aliyesimama nusu saa kabla akaukosoa muswada kwa ukali huwezi kujua kama naye aliguna ndiyo pamoja na wenzake.

Kuna mahali pachache ambapo jina hubaki. Pa kwanza ni kushika shilingi. Wakati wa kupitisha makadirio ya wizara, mbunge asiyeridhika na majibu anaweza kutangaza kwamba anashika shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo. Ni mchezo mzuri kuufuatilia. Hansard inaonyesha nani alishika, kwa sababu gani, na dakika ngapi baadaye aliirudisha, mara nyingi baada ya Waziri kusema tu kwamba Serikali italifanyia kazi. Wapo walioirudisha kabla haijapata joto la kiganja.

Pa pili ni jedwali la marekebisho. Mbunge anayetaka kifungu kibadilishwe hulileta kwa maandishi na kwa jina lake. Kwa maoni yangu karatasi hiyo ni ushahidi mzuri kuliko hotuba kumi, kwa sababu haiwezi kuandikwa na mtu ambaye hakusoma muswada.

Pa tatu ni bajeti. Kila Juni, hoja ya bajeti ya Serikali inapofikia mwisho, Katibu huita jina la mbunge mmoja mmoja, naye hujibu akisikika: ndiyo, hapana, au kwamba haamui. Uzito wake unatokana na ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja, na kila mtu akarudi kwa wapiga kura.

Nje ya hapo, majina yamebaki pale tu mambo yalipochemka. Mwaka 1993, baada ya Zanzibar kujiunga na OIC, wabunge 55 walitia saini hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Agosti mwaka huo Bunge lilikubali azimio la kuelekea huko. Mwalimu, aliyekuwa amestaafu, alipinga kwa nguvu zake zote, na azimio lile likaachwa. Miaka zaidi ya 30 imepita na bado tunawaita G55. Wana jina na idadi kwa sababu waliweka saini.

Mwaka 2014 tulipata somo kubwa zaidi. Rasimu iliyoletwa na Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza, pamoja na serikali tatu, kwamba wapiga kura wawe na haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya miaka mitano, na kwamba ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu. Katika Bunge Maalum la Katiba, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa ni wabunge wenyewe, vipengele hivyo viwili viliondolewa. Sioni haja ya kuongeza neno hapo.

Lakini kabla ya hayo walibishana kwa wiki kadhaa kuhusu jambo moja: kura iwe ya wazi au ya siri? Waliotaka ya wazi walisema mwananchi ana haki ya kujua. Waliotaka ya siri walisema mjumbe atatishwa na chama chake. Mwishowe kila mjumbe akaachiwa achague mwenyewe. Wajumbe wa UKAWA walikuwa wameshatoka ukumbini Aprili. Kura zilipopigwa kuanzia tarehe 29 Septemba hadi 2 Oktoba, ilihitajika theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, na kanuni zilikuwa zimebadilishwa ili hata walio nje ya nchi, wakiwamo waliokuwa Hijja, wapige kura kutoka huko huko. (Sisi wa ughaibuni, ambao hadi leo hatuwezi kupiga kura ya kumchagua mbunge tukiwa huku, tuliisikia habari hiyo kwa masikio mawili.)

Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alipoitwa alichagua kura ya wazi. Akataja vifungu kadhaa na kusema hapana. Ukumbi ulizomea, naye akatoka chini ya ulinzi. Siku chache baadaye Rais Shein alimwondoa katika wadhifa wake.

Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili, na sipendi tulipite haraka. Jirani zetu wa Kenya walilijua mapema. Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na kamati teule ya Bunge ikachunguza. Ripoti ilipoletwa Juni, Serikali haikuitaka. Kura zikahesabiwa: 62 kwa 59, ripoti ikapokewa. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, na mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu, walipiga kura pamoja na wabunge wa nyuma. Wote watatu walifukuzwa kazi. Kura zile tatu zingekwenda upande wa pili, ripoti ingekufa. Orodha ya majina ndiyo iliyowaponza, na ndiyo inayowafanya tuwajue.

Basi mtu mwenye busara anaweza kusema kura za sauti zinamlinda mbunge jasiri. Nimeifikiria hoja hiyo na siikubali. Mnadhimu wa chama ameketi ukumbini, anaona mdomo gani umefunguka na upi umefungwa. Mkubwa anajua bila Hansard. Anayehitaji karatasi ni mkulima wa Tandahimba na muuguzi wa Leicester, na hao ndio wasioipata. Mbunge anayesema hapana leo anaadhibiwa na waliomwona, na hawezi kulindwa na ambao hawakumwona.

Januari 2016 Waziri Nape Nnauye alitangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Wakati huo wengi wetu huku tulizoea kuacha Bunge likinguruma kwenye kompyuta huku tukipika. Kilichobaki kwa muda kilikuwa maswali na majibu, na kipindi kilichohaririwa cha usiku. Tuliokasirika tulikasirika kwa haki, ingawa picha nayo haikuwa ikituonyesha kura. Ilituonyesha mikono ikigonga meza.

Majalada ya Baraza la Tanganyika la wakati wa mkoloni yanahifadhiwa Kew, kusini magharibi mwa London, na yeyote anaweza kujiandikisha akayasoma bure. Hansard za Dodoma za miaka ya karibuni zimo kwenye tovuti ya Bunge, pamoja na maswali ya kila mbunge. Ukitaka kuanza na moja tu, tafuta ile ya siku ya kupitisha bajeti, Juni iliyopita, uteremke mpaka mahali ambapo Katibu anaanza kuita majina, utafute la mbunge wa kwenu.