Mlio mmoja mfupi

Mnisamehe kwa kimya cha majuma mawili. Nilikuwa nikiunda tarakilishi, au tuseme nilikuwa nikiitazama tarakilishi niliyoiunda ikikataa kuwaka. Vipuri nilivikusanya kimoja kimoja kwa miezi minne, vingine Luthuli Avenue hapa Nairobi, vingine kutoka mikononi mwa watu, na prosesa ndiyo iliyokula pesa nyingi zaidi. Jumamosi usiku nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, taa za RAM zikang'aa, skrini ikabaki nyeusi tititi. Muuzaji wa prosesa alikuwa amenipa siku saba za kuirudisha, na hiyo ilikuwa siku ya sita.

Nikafanya yale ambayo kila mtu hufanya: nikatoa RAM nikairudisha, nikabadilisha kebo ya skrini, nikaomba. Jirani yangu, fundi wa redio mwenye umri wa babangu, akasimama mlangoni na kuniuliza, "Kijana, hiyo kitu inalia?"

"Hapana, mzee. Haina hata spika."

Akaenda kwake, akarudi na spika ndogo kama kifungo cha shati, aliyoing'oa kwenye mashine kuukuu. Kabla sijawaambia tulichogundua, niruhusuni niwasimulie swali la mzee lilianzia wapi, maana mimi nina shahada ya sayansi ya tarakilishi na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitangaza tarakilishi yake ya binafsi, modeli 5150, yenye prosesa ya Intel 8088. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo ya kilobaiti 8 iliyohifadhiwa kwenye ROM, yaani BIOS. David Bradley, mmoja wa wahandisi wa mradi huo kule Boca Raton, Florida, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya msimbo huo. (Ndiye pia aliyetupa Ctrl-Alt-Del.) Ukiwasha umeme, BIOS ilijikagua yenyewe kwanza: ijumlishe baiti zote za ROM ione kama jibu ni sifuri, ijaribu saa, ijaribu RAM, kadi ya skrini, kibodi. Mambo yakiwa shwari, ulisikia mlio mmoja mfupi. Mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi, tatizo liko kwenye skrini.

Kwa nini sauti? Hapa ndipo mimi kama mwandika programu niliposisimka. Ili uandike neno kwenye skrini, unahitaji kadi ya skrini iliyo hai na kumbukumbu yake. Lakini ili spika ilie, unahitaji chipu ya saa na biti mbili tu kwenye mlango wa 61h. Rejista za prosesa zinatosha, huhitaji RAM hata chembe. Ndiyo maana mashine iliweza kukulalamikia kwamba RAM yake imekufa. Na fikiria taabu ya kuandika msimbo wa namna hiyo! Bila RAM huna staki, na bila staki huwezi kuita funksheni, kwa sababu hakuna pa kuweka anwani ya kurudia. Waandishi wa BIOS ya IBM waliziandika anwani hizo mapema ndani ya ROM yenyewe, wakaielekeza prosesa huko kana kwamba ni staki. Nilipousoma ukurasa huo nilicheka peke yangu.

Naam, niliusoma, kwa sababu IBM iliuchapisha msimbo wote kwenye kitabu chake cha ufundi. Haki zilibaki zake, kwa hiyo kunakili ilikuwa mwiko. Kampuni ya Compaq, iliyoanzishwa mwaka wa 1982, ilizunguka mwiko huo kwa kuwatenganisha watu: kundi moja likaeleza BIOS inafanya nini, kundi jingine ambalo halijauona msimbo likaandika yake kuanzia mwanzo. Phoenix wakafanya vivyo hivyo, na mwaka wa 1984 wakaanza kumuuzia yeyote aliyetaka. Mashine za kuiga IBM zikazagaa duniani, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipozaliwa biashara hii inayoniwezesha mimi kununua mazabodi hapa na prosesa pale vikaelewana.

Kilichoharibika ni lugha ya milio. Kila kampuni ilijitungia yake. AMI walihesabu milio, minane ikimaanisha kumbukumbu ya skrini. Phoenix walipiga mafungu mafungu kama ngoma ya mbali. Fundi alilazimika kujua kwanza BIOS ni ya nani ndipo afasiri. IBM wenyewe, kwenye modeli ya AT ya mwaka wa 1984, waliongeza njia nyingine: kila hatua ya ukaguzi ikatuma namba kwenye mlango wa 80h, na ukichomeka kadi maalumu unaisoma hatua iliyokwama. Mazabodi kadhaa za bei ya juu bado zina dirisha la tarakimu mbili kwa kazi hiyo. Nyingine zina taa nne tu: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Nyingi za bei nafuu, kama yangu, huuzwa bila taa na bila spika. Mashine inalia na hakuna wa kuisikia.

Basi tukachomeka spika ya mzee. Akaniambia nitoe RAM yote, kisha niwashe. "Ikilia, prosesa ni mzima."

Kimya.

Moyo ukanishuka. Lakini kimya hicho kilikuwa na maana: prosesa haikuwa imeanza hata agizo la kwanza. Mzee akauliza inapata umeme wapi. Nikamwonyesha plagi kubwa ya pini 24. Kisha nikakumbuka. Tangu enzi za Pentium 4, mwaka wa 2000, prosesa hupewa plagi yake ya pekee ya volti 12. Feni haziitegemei hiyo, ndiyo maana zilikuwa zikizunguka kwa furaha. Yangu ilikuwa imejikunja nyuma ya bamba, haijachomekwa popote.

Nikaichomeka, nikawasha. Mashine ikaanza kulia kwa milio mirefu, ikidai RAM niliyoinyima. Sijawahi kufurahia lawama kiasi hicho. Nikairudisha RAM, nikawasha tena: mlio mmoja mfupi, kisha skrini.

Prosesa sikuirudisha. Spika nilimpelekea mzee asubuhi, akakataa kuipokea.