Turbo ya Mjomba na kesi niliyobebeshwa

Najua nimepotea, majaribio yalinibana na bumu likachelewa, hata vocha ikawa ya kuwazia. Leo naomba tuongee historia, ila sio ile ya Maji Maji tunayokariri darasani. Ni historia ya turbo, na nina sababu.

Likizo iliyopita nilitoka Dar kwenda Iringa na Mjomba kwenye gari lake la sports la Kijapani, la mwaka 1984, limenizidi umri karibu miaka ishirini. Kutoka Morogoro mpaka Mikumi akanipa usukani. Basi bwana, siku ya pili pale Iringa gari likaanza kutoa moshi wa bluu. Fundi akafungua turbo, akakuta mhimili unacheza kama jino bovu na oili imeungulia ndani, imekuwa ngumu kama masizi ya sufuria. Mjomba akanigeukia: "Wewe ndiye uliyeikimbiza." Nikasema samahani Mjomba. Wiki mbili hakupokea simu yangu, na ndiye anayeniongezea ada. Kwa hiyo nilipoingia maktaba nilikuwa natafuta utetezi, sio maksi.

Kumbe turbo sio mtoto wa magari. Mwaka 1905 Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo lake: moshi wa injini unatoka na nguvu nyingi ambayo inapotea bure, basi uzungushe feni, na feni hiyo izungushe nyingine inayosukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaungua, nguvu inaongezeka. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipeleka injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, kama mita 4,300, kuonyesha kwamba turbo inairudishia injini pumzi pale hewa ilipo nyepesi. Miaka ya 1920 turbo zikaanza kufungwa kwenye meli.

Sasa tazama hapo. Meli na ndege ni vyombo vinavyounguruma masaa kwa masaa bila kubadilisha mwendo. Ina maana turbo ilikulia kwenye safari ndefu! Nikaona kesi yangu inaanza kusimama.

Kwenye magari ya kuuzwa madukani iliingia mwaka 1962 kule Marekani. Oldsmobile Jetfire ilikuja na turbo pamoja na chupa ya maji yaliyochanganywa na methanoli, ya kuzuia injini isigonge. Chupa ikiisha, nguvu inakatwa. Wenye magari wengi wakawa wanasahau kuijaza, na mwaka 1963 gari likaachwa. Yaani tangu siku ya kwanza turbo ilimtaka dereva awe na nidhamu ambayo hakuizoea.

Ulaya nako, BMW walionyesha 2002 Turbo kule Frankfurt mwezi Septemba 1973, gari la barabara kuu za Ujerumani zisizo na kikomo cha mwendo. Bahati mbaya mwezi uliofuata mgogoro wa mafuta ukaanza. Novemba 1973 Wajerumani wakapigwa marufuku kuendesha magari Jumapili, na barabara kuu zikawekewa kikomo cha kilomita 100 kwa saa kwa miezi kadhaa. Zilitengenezwa 1,672 tu. Porsche hawakuogopa: Oktoba 1974 wakaleta 911 Turbo kule Paris, lita 3.0, farasi 260. Mwaka 1978 wakaikuza mpaka lita 3.3 na farasi 300, na wakaongeza kipozeo cha hewa, maana hewa ukiibana inapata moto. Saab wao mwaka 1977 walikuja na akili nyingine kwenye 99 Turbo: msukumo wa wastani, na vali inayoachia moshi upite pembeni ukizidi, ili nguvu iwepo pale unapolipita lori, sio pale tu unapotaka kuvunja rekodi.

Sasa turudi kwenye moshi wa bluu. Ukienda kilomita 100 kwenye tambarare, turbo inafanya kazi kidogo sana. Oili inapita, upepo unapooza. Moto unakuja ukikandamiza pedali, hasa mlimani. Hapo moshi unaweza kufika nyuzijoto 900, na feni inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, mhimili wake ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyo inalainisha na pia inapooza. Ukizima injini ghafla, pampu inasimama, ila chuma bado ni chekundu. Joto linamrudia mhimili, na oili iliyobaki pale inapikwa mpaka inakuwa mkaa. Sio siku moja, ni kidogo kidogo, kila ukizima.

Kwa hiyo turbo ya zamani haikuuawa na kwenda, iliuawa na kusimama. Ndiyo maana miaka ya 1980 watengenezaji walianza kupitisha maji ya rejeta kwenye mwili wa turbo, na Wajapani wakawa wanafunga kifaa kinachoiacha injini iungurume dakika moja mbili hata baada ya kutoa ufunguo. Kama unabisha kwamba turbo inahimili mwendo, kumbuka Safari Rally: Toyota Celica ya turbo ilishinda mwaka 1984, 1985 na 1986, maelfu ya kilomita za vumbi na joto la Kenya.

Nikajikumbusha safari yetu. Tulipanda Kitonga Mjomba akiwa amekandamiza pedali mpaka chini. Tulipofika Ilula akasimama kununua nyanya na vitunguu, akazima papo hapo. Pembeni yetu dereva wa lori alikuwa ameshashuka, ananunua vitunguu vyake, injini yake bado inaunguruma sailensa. Nilidhani anachoma mafuta bure. Kumbe alikuwa anajua kitu ambacho sisi na sports yetu hatukukijua.

Nikampigia Mjomba kwa namba ya rafiki yangu. Shikamoo, marahaba, nikamwaga utetezi wote, kuanzia Büchi mpaka vitunguu. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Na pale sheli ya Mikumi, nani alizima?"

Wadau, nilizima mimi. Nimeshuka kwenye mwendo mkali, nikakata ufunguo nikakimbilia chooni.

Akacheka mpaka akakohoa. Akasema basi, kesi imegawanyika, fungu lako ni kuja kusaidia kufunga turbo nyingine. Ada ikaingia Ijumaa.

Kama una turbo ya zamani na unatoka mlimani, endesha taratibu kilomita chache za mwisho, kisha iache iungurume dakika moja kabla ya kuzima. Nyanya hazikimbii.

Tuko pamoja, naomba kuwasilisha.