Hospitali Iliyopanda Gari

Wengi tunaamini kazi ya gari la wagonjwa ni moja tu: kumkimbiza mgonjwa hospitali. Kama ni hivyo, teksi si inatosha? Nami niliwaza hivyo hivyo mpaka nilipokutana na habari za daktari mmoja wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, Frank Pantridge.

Huyu bwana alikuwa daktari jeshini. Singapore ilipoanguka mwaka 1942, Wajapani walimkamata mateka na kumpeleka kwenye ujenzi wa reli ya Burma. Alinusurika, akarudi kwao, akawa daktari wa moyo katika hospitali ya Royal Victoria.

Miaka ya 1960 hospitali kubwa zilianza kuwa na wodi maalum za moyo, zenye mashine ya kuushtua kwa umeme moyo ulioacha kusukuma damu na kubaki ukitetemeka tu. Pantridge akaona kasoro. Wengi walikufa mapema mno, nyumbani au njiani, hata wodi hawajaiona!

Akageuza hesabu. Mwaka 1965 yeye na wenzake walitengeneza mashine inayotumia betri za gari, yenye uzito wa kilo 70. Januari 1966 ikapakiwa kwenye gari pamoja na daktari na nesi. Sasa hospitali ndiyo ikawa inamfuata mgonjwa. Mwaka 1967 yeye na John Geddes wakaandika katika jarida la Lancet kwamba ndani ya miezi 15 walihudumia wagonjwa 312, na hakuna aliyefia njiani.

Lakini kuna sharti: lazima mtu apige simu. Hata Marekani, miaka ya 1990, karibu nusu ya waliopata mshtuko wa moyo walifika hospitali kwa usafiri mwingine. Kuna wanaodhani ni kiungulia, na kuna wanaoona gari la nyumbani litawahi zaidi.

Swali langu la teksi likajibiwa hapo. Dereva anaweza kuwahi, lakini moyo ukisimama katikati ya foleni, atabaki kupiga honi tu. Na gari la wagonjwa lisilo na mashine wala mtaalamu, ndugu zangu, ni teksi yenye king'ora.

Siku nikitumwa kuandika habari za uzinduzi wa magari ya wagonjwa, nitaomba kwanza wanifungulie mlango wa nyuma.